Mtumbwi bado unanuka rangi, tayari una deni la milioni moja na laki nane!

Wakuu, naandika nikiwa Mwaloni Kirumba na nina hasira, mtanisamehe.

Tunakopesha wavuvi wa dagaa petroli, taa na nyavu. Hesabu tunapiga wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala. Juzi kaingia mzee aliyesajili mtumbwi wiki hiyohiyo. Karani akafungua ukurasa wake: deni 1,860,000. Mzee akanigeukia mimi: "Mwanangu, mtumbwi wangu haujagusa maji. Hayo mafuta nimeyanywa?"

Nikaingia kwenye kanzidata (database, ghala la kumbukumbu za mfumo wetu). Fundi aliyetutengenezea mfumo (kalipwa, simu hapokei) kaweka jedwali moja la madeni ya watu wote: mitumbwi, wachuuzi, vizimba vya samaki. Kila deni lina safu mbili, mwenye_aina na mwenye_namba. Huku kaandika "mtumbwi", kule 214, basi. Ufunguo wa kigeni (foreign key, kifungo kinachohakikisha namba iliyoandikwa ipo kweli kwenye jedwali lingine) hakuna, na kwa mtindo huo hauwezi kuwepo, maana lazima uelekezwe kwenye jedwali moja linalojulikana, sio jedwali ambalo jina lake limeandikwa kwenye safu kama maneno ya kawaida. Ukifuta mtumbwi, kanzidata haina habari kwamba kuna deni linaning'inia. Haikatai wala haisemi kitu.

Mtumbwi 214 wa zamani uliuzwa, karani akaufuta. Ndio uliokuwa wa mwisho kwenye orodha. Usiku umeme ukakatika, seva ikazimika. Sasa sikieni: programu yetu ya kanzidata ni MySQL 5.7, na humo kaunta inayogawa namba mpya, ya InnoDB (sehemu ya MySQL inayohifadhi data), inakaa kwenye memori tu. Seva ikiwaka inatazama namba kubwa iliyobaki, inaongeza moja. (8.0 ndiyo iliyorekebisha hilo.) Ikakuta 213, mtumbwi wa mzee wa watu ukapewa 214 pamoja na madeni ya marehemu.

Fundi wa pili ananiambia "fremuweki inafuta watoto yenyewe", yaani msimbo wa msingi uliojengewa mfumo utafuta madeni pamoja na mtumbwi. Inafuta ukipita kwenye modeli (msimbo unaowakilisha mtumbwi), mmojammoja! Kitufe chetu cha "futa zote" kinapeleka amri ya DELETE moja kwa moja kwenye kanzidata, modeli haiguswi. Mwingine: "weka triga", yaani amri inayojiendesha yenyewe mstari ukifutwa. Triga ya MySQL haiamki mstari ukifutwa na kaskedi ya ufunguo wa kigeni (mzazi akifutwa, watoto wanafutwa naye). Futa mmiliki, mitumbwi yake ifutike kwa kaskedi, madeni yatima ni yaleyale.

Halafu nani kasema deni lifutwe? Mtumbwi wenye deni USIFUTIKE. Nataka safu tatu, ya mtumbwi, ya mchuuzi na ya kizimba, kila moja na ufunguo wake wa kigeni wa RESTRICT (unaokataa kufuta chenye deni), na sharti la CHECK kwamba moja tu ndiyo ijazwe. Nalo sharti hilo MySQL ilikuwa inalisoma na kulitupa kimyakimya mpaka 8.0.16, kwa hiyo kuhama toleo hatukwepi.

Nimehesabu madeni yasiyo na mwenyewe: 137. Hayo angalau yanaonekana. Yanayoninyima usingizi ni yale yaliyokwishapata mwenyewe mpya, ukiyatazama hayana kasoro yoyote. Naanza na tarehe: deni lililoandikwa kabla mtumbwi haujasajiliwa si la mtumbwi huo. Mwenye njia nyingine aseme leo, mzee nimemwambia arudi Jumatatu.