Siku moja Hiroshima, niko peke yangu: nianzie jijini au kisiwani Miyajima?

Kimweri_TA (mleta mada)
Habari zenu wadau. Niko Osaka kwa mafunzo, na Jumamosi hii nimepata nafasi ya kutembea. Nimechagua Hiroshima, kwa sababu treni ya mwendokasi inatumia kama saa moja na nusu tu. Saa tatu asubuhi nitakuwa nimeshashuka, usiku narudi. Nasita: nibaki jijini kwenye Bustani ya Amani, makumbusho na kasri, au nianze na kisiwa cha Miyajima ndipo nirudi mjini? Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo na chakula naomba mnigusie.

Mama_Nasra
Anza na makumbusho mwanangu, akili ikiwa haijachoka. Toka stesheni panda tramu namba 2 au 6, shuka kwenye lile jengo la kuba. Lilijengwa 1915, na bomu la atomiki la Agosti 6, 1945 lililipuka angani karibu nalo kabisa, saa mbili na robo asubuhi. Kuta zimeachwa vilevile, na vyuma vya kuba viko wazi.
Ndani ya makumbusho kuna baiskeli ya magurudumu matatu, imeliwa na kutu. Mtoto mwenye baiskeli aliuawa na bomu hilo, alikuwa hajatimiza miaka minne. Baba yake aliona mtoto bado mdogo mno kuachwa peke yake makaburini, akamzika uani pamoja na baiskeli yake, na ilifukuliwa 1985. Nilisimama pale hadi miguu ikaniuma. Jipe saa mbili kamili, na ukitoka usikimbilie popote. Kaa kando ya mto.

Mvuvi_wa_Wete
Shikamoo Mama Nasra. Kwa heshima, mimi naona asiangalie saa kwanza, aangalie maji. Lango jekundu la hekalu la Itsukushima, huko Miyajima, limesimama baharini. Maji yakijaa unaliona linaelea, yakipwa unatembea kwa miguu mpaka chini yake. Ni mandhari mbili tofauti kabisa. Sisi tuliokulia pwani tunajua, wakati wa bamvua maji yanakwenda mbali.
Nilipofika maji yalikuwa yamekupwa, nikagusa nguzo. Ni magogo ya mkafuri, mapana kuliko mikono yangu miwili ikikumbatia, na chini yameganda chaza wadogo kama nguzo za gati letu. Lango lina mita 16.6, limejengwa 1875, na halikuchimbiwa kwa kina: uzito wake ndio unaolishikilia. Kwangu mimi hilo pekee lilitosha kunitoa Osaka.
Treni hadi Miyajimaguchi, stesheni ya kuvukia kisiwani, ni kama nusu saa, kivuko dakika 10, na kuna kodi ya mgeni yeni 100. Paa wa kisiwani wanakula karatasi, ramani na tiketi viweke mfukoni.

Dada_Rehema254
Mimi nilijaribu zote mbili kwa siku moja na nilijuta, nawaambia ukweli. Nilipita makumbusho kwa dakika 40 nikiwahi maji. Hadi leo najiona nina deni la kurudi. Ukiwa na siku moja, baki jijini. Nenda kwenye mnara wa Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka 2 bomu lilipoanguka na akafa kwa saratani ya damu 1955 akiwa na miaka 12. Watoto wa shule wanaleta ndege korongo wa kukunjwa kwa karatasi, maelfu kwa maelfu. Kisha bustani ya Shukkeien, utulivu wake unahitajika baada ya hapo. Kasri mimi ningeliruka: la asili liliangamia 1945, lililofuata ni la 1958.
Chakula: okonomiyaki ya huko ni chapati nyembamba, kabichi tele, tambi na yai, vyote juu ya bamba la chuma mbele yako. Ukiwa peke yako unapata kiti upesi. Lakini kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe, na kusema "buta nashi" (bila nguruwe) hakutoshi kwako, maana bamba ni lile lile. Tafuta mkahawa wa halali kabla hujaondoka Osaka.

Mama_Nasra
Marahaba Mvuvi. Rehema amesema kweli kuhusu haraka. Ila kuna boti inayotoka pale pale Bustani ya Amani hadi kisiwani, kama dakika 45. Hailazimu kurudi stesheni, na mtu anapata muda wa kunyamaza njiani.

Kimweri_TA
Nimeangalia jedwali la maji: Jumamosi yanakupwa alasiri. Basi asubuhi makumbusho, saa sita na nusu boti, alasiri langoni. Kasri na mlima Misen wa kisiwani naviacha. Chakula cha mchana nabeba mwenyewe, onigiri (matonge ya wali) za samaki. Mvuvi, viatu vya aina gani?

Mvuvi_wa_Wete
Vya kuvua upesi. Mchanga una matope, na usimame mbali na nguzo zenye chaza, zinakata.