Ghala la korosho limevunjwa: je, tumeharibu ushahidi?

Muulizaji, Newala: Ndugu zangu, usiku wa kuamkia jana ghala letu lilivunjwa, na mlinzi, kwa nia njema, akafagia mlangoni na kuokota kufuli lililokatwa. Je, tumeharibu upelelezi?

Jibu: Kwa kiasi, ndiyo, maana nyayo zimekwenda na ufagio. Kufuli msilishike tena. Mlinzi amwoneshe mpelelezi mahali lilipokuwa na aeleze alivyolishika, ili alama zake za vidole zitofautishwe na za wezi.

Jibu: Naongeza kwamba mpelelezi akichukua kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka atoe stakabadhi yenye saini ya mwenye mali na ya mashahidi, kama wapo.

Muulizaji: Ahsanteni. Kufuli limebaki mezani, halijaguswa tena.