Mrejesho: madalali na deni la kodi ya halmashauri

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama nimfungulie mlango dalali (mkusanya madeni anayeweza kukamata mali) anayedai kodi ya halmashauri (council tax, si kodi ya pango) hapa Uingereza. Sikufungua. Tuliongea dirishani, akaenda zake. Kumbe kwa deni hili hana ruhusa ya kuvunja mlango akija mara ya kwanza. Ila ukimkaribisha ndani akaorodhesha mali, mambo yanabadilika, usipolipa mlivyokubaliana anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Gari nilishalihamisha, maana likiwa nje wanalibeba (asante aliyenikumbusha). Halmashauri waligoma kulirudisha deni kwao, basi nimekubaliana na madalali kulipa kila mwezi, kwa maandishi. Ada zao zimeniuma kuliko kodi yenyewe! Awamu ya kwanza nimelipa jana, risiti ninayo.