Nimeshinda kesi ya kiwanja, kiongozi wa serikali kasimamisha ujenzi. Ana mamlaka hayo?

Mjenzi_Mtumba:
Mbukwenyi wakuu, naombeni ushauri maana nimechoka. Tuna kiwanja cha familia huku Dodoma, njia ya kwenda Mtumba, jirani alikuwa anadai ni chake, kesi imeunguruma Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka mwisho na hukumu ikatoka kwetu, nakala ninayo na muhuri wake. Sasa fundi kaanza kuchimba msingi, jirani kakimbilia kwa kiongozi mmoja wa serikali, tukaitwa kikao. Hukumu hata hakuifungua, kaisukuma pembeni ya meza kasema yeye ndo serikali huku, ujenzi usimame mpaka atafute suluhu. Kesho yake tukakuta X nyekundu kwenye tofali. Mdogo wangu anasema twende kwa mbunge, Bunge si liko hapa hapa mjini. Huyu kiongozi kateuliwa na Rais, hukumu yangu ina nguvu gani mbele yake? Nani yuko juu ya nani?

Mama wa Kikuyu:
Pole sana baba. Usigombane na mtu na hiyo karatasi usimpe mtu nakala halisi, toa kopi.

Msomi_AreaC:
Mkuu hapo hakuna wa juu, kila mmoja ana kazi yake. Katiba ibara ya 4 imegawa: utendaji, utoaji haki, utungaji sheria. Ibara ya 107A inasema mwenye kauli ya mwisho kwenye kutoa haki ni Mahakama. Mteule wa Rais yuko kwenye utendaji, kazi yake ni kusimamia hukumu itekelezwe, siyo kuikalia kikao upya. Hata sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inayowapa wakuu wa mikoa na wilaya nguvu ya kuamuru mtu akamatwe, inataka afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48, yani hata pale mwenye kuamua ni mahakama. Jirani kama hajaridhika njia yake ni rufaa Mahakama Kuu, ana siku 45.

Kibaigwa Original:
Hayo ni ya kwenye vitabu ndugu. Bongo mihimili imeshikana, Rais ni sehemu ya Bunge kwa ibara ya 62, waziri lazima awe mbunge, Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Marekani mbunge akiteuliwa waziri anaachia kiti, huku anakaa na vyote viwili. Na hayo mabaraza ya ardhi miaka mingi yamelelewa na Wizara ya Ardhi, siyo Mahakama, ndo maana mtu wa serikali anayaona kama ofisi ya jirani yake tu. Kaa naye vizuri yaishe.

Msomi_AreaC:
Kushikana kupo, silipingi. Ila kukaa naye vizuri ni kukubali kwamba hukumu inajadilika na hapo ndo tunaumizana wananchi. Kumbuka kesi ya Mchungaji Mtikila, hapa hapa Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1994, Jaji Lugakingira akasema mgombea binafsi, yani asiye na chama, anaruhusiwa. Serikali haikutaka hilo, ilikuwa imeshapeleka muswada bungeni siku chache kabla ya hukumu, na Bunge likaupitisha Desemba mwaka huohuo kubadili Katiba. Mimi sikubaliani na walichofanya, hata Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013 ilisema haki ya Mtikila ilivunjwa, lakini angalia njia waliyopita: walibadili sheria, hawakumwita Mtikila kwenye kikao wakamwambia hukumu yake isubiri. Kama serikali nzima ilibidi ipite bungeni, huyu wa kwako anapata wapi nguvu ya kusukuma hukumu pembeni?

Chamwino Girl:
Kuhusu mbunge mi naona utapoteza muda. Mbunge anatunga sheria na kuisimamia serikali, hukumu hawezi kuigusa, na kama jirani kakata rufaa kanuni za Bunge haziruhusu kujadili jambo lililoko mahakamani. Labda aulize kuhusu tabia ya viongozi kuingilia hukumu kwa ujumla, hilo linafaa. Halafu swali, kibali cha ujenzi unacho? Maana kibali ni mambo ya jiji, hukumu haikupi, na kama huna wana haki kabisa ya kukupiga X.

Mjenzi_Mtumba:
Kibali kipo kwa jina la mzee, tena kilitoka baada ya hukumu. Ile X haikuja na barua yoyote, mtendaji kasema ni maagizo tu. Jirani anatamba kwamba kakata rufaa ila hati sijaletewa.

Msomi_AreaC:
Basi andika barua kwa huyo kiongozi, ambatisha kopi ya hukumu na kibali, omba amri yake kwa maandishi na kifungu anachotumia, barua ipokelewe kwa muhuri na kopi yako ubaki nayo. Akikupa hiyo amri, wakili anaweza kwenda nayo Mahakama Kuu kuomba ifutwe. Huku nako rudi barazani uombe kukazia hukumu, yani itekelezwe kwa nguvu ya sheria, hiyo ndo inaleta dalali wa kuitekeleza. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji, mpaka jirani aombe zuio na apewe. Kaulize masjala ya Mahakama Kuu kama rufaa yake ipo kweli, usikae kusubiri hati.

Mama wa Kikuyu:
Na mzee aende mwenyewe, kibali kina jina lake.