Tupeane uzoefu: fumbo lililokunyima usingizi, na aliyekumwagia jibu kabla hujafika

BintiKariakoo
Wakuu, habari za jioni. Leo nimeumia, naomba niseme.

Mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu anayetutungia fumbo la miraba kila Ijumaa. Anachora kwenye karatasi ya hesabu, tunatoa nakala, tunagawana. Siyo yale ya kuulizwa mji mkuu wa Zambia. La mwalimu kila swali lina milango miwili: mmoja ni maana, wa pili ni herufi zenyewe, na yeye anahakikisha huoni mlango mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Ukiingia kwa yote miwili ukajikuta chumba kimoja, umepata.

Basi leo nipo kwenye boti naenda Unguja, limenibakia moja tangu Ijumaa: "Baba, hariri barua; maji mengi yamo ndani. Herufi 6." Nina A ya pili na A ya nne. Nimewaza machozi, nimewaza mafuriko, nimewaza wino uliomwagika. Siku nne. Jirani yangu kwenye kiti, mtu mzima kabisa, kumbe ananichungulia begani. Akaweka kidole chake juu ya karatasi yangu: "Si bahari hiyo, dada? Soma baba na hariri kwa pamoja." Akarudi kwenye simu yake.

Wakuu, tulikuwa katikati ya mkondo, maji kila upande! Dakika tano tu ningeinua macho mwenyewe. Swali lile halitanirudia tena maishani. Nimelia, na sioni haya kusema. Nani yamemkuta?

MzeeWaMbuyuni
Pole sana mwanangu. Huyo kakuibia.

Mwanamvita
Tena wizi wa mchana. Kwetu Mombasa tulilelewa na sheria. "Kitendawili!" "Tega!" Anatega, mnahangaika, mkishindwa anasema nipe mji. Unampa mji, na siyo kijiji, mji wenye watu. Anautembelea kwanza, anatamba nao, "nilikwenda Mombasa wakanikaribisha, wakanipa kiti," ndipo anatoa jibu. Yaani jibu lina bei, na anayelipa ni yule aliyeshindwa, kwa hiari yake, wakati anaoutaka yeye. Ndugu yangu mkubwa aliwahi kuropoka jibu kabla sijatoa mji. Nyanya alimtoa barazani. Hakurudi mpaka kesho yake.

KidagaaMwanza
Naunga mkono hoja.

Nesi_Leeds
Dada, nimesoma nikiwa zamu ya usiku, nimekuhurumia kweli. Huku Uingereza wanayo hayo hayo kwa Kiingereza na wamezama kuliko sisi. Gazeti la The Times linachapa lake kila siku tangu 1930. Yale ya zawadi jibu halitoki mpaka muda wa kutuma uishe, kwa hiyo watu wamejifunza kuzungumza pembeni mwa jibu. Wenzangu kazini husema: "La nne kwenda chini lilinishika mpaka nikafika kituoni." Au: "Ulipofika kona ile ya kushoto ulicheka?" Basi. Ukicheka nawe anajua umefika, na asiyefika hajapoteza kitu.

Niwape kisa kimoja. Mchungaji John Graham alikuwa akitunga kwenye gazeti la Guardian tangu 1958, na baadaye akajulikana kwa jina la Araucaria. Januari 2013 fumbo lake likatoka na maelezo juu, lakini penye maneno kaweka namba za maswali: Araucaria ana namba 18 ya namba 19, inatibiwa kwa 13 na 15. Ukiisha kufumbua ndipo unaisoma sentensi: saratani, umio, tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Aliwaaga wasomaji wake hivyo. Alifariki Novemba mwaka huo huo, ana miaka 92. Mimi wagonjwa wangu ni wa tiba shufaa, najua habari ile mtu anahitaji kuifikia kwa mwendo wake mwenyewe. Fikirieni aliyesimuliwa na jirani kabla ya chai.

SimbaWaYuda77
Na wewe nesi si umetumwagia sasa hivi? Mimi ningelitafuta nilifumbue.

Nesi_Leeds
Kaka, lina zaidi ya miaka kumi, na lilitangazwa duniani kote.

SimbaWaYuda77
Fumbo halina tarehe ya kuisha. Kwangu lilikuwa jipya.

MzeeWaMbuyuni
Simba ana hoja. Lakini nesi kasema kwa upendo, tuendelee.

Karani_Eldoret
Mimi niulize mafundi. Kuna kitu kimenikosanisha na mke wangu. NG' ya ng'ombe inakaa mraba mmoja au miwili? Na CH? Nimetunga langu la watoto, yeye anasema ni sauti moja hivyo mraba mmoja.

BintiKariakoo
Mwalimu wetu: herufi moja mraba mmoja, na ile alama ya ng' haina mraba.

Mwanamvita
Hapana! Sauti moja, mraba mmoja. Vinginevyo ng'oa na ngoa zitakuwa neno moja.

KidagaaMwanza
Herufi moja mraba mmoja. Hata kwenye daftari la shule CH uliandika kwa miraba miwili.

Mwanamvita
Daftari la shule halijatunga fumbo hata moja.

Karani_Eldoret
Sasa mmenirudisha nilikotoka. Ila niongeze faida: maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, kwa hiyo mraba wa mwisho wa kila neno una chaguo tano tu. Anzeni nyuma kuja mbele.

SimbaWaYuda77
Ndiyo maana haisaidii. Kila mahali A. Anza na ngeli: swali likisema "vitu", tia VI mwanzoni kwa penseli uone.

KidagaaMwanza
Mimi nasoma kwa sauti, sikio linakamata kilichojificha.

BintiKariakoo
Mwalimu anakataza. Ukisoma kwa sauti unatii mkato na nukta, na mkato ndio unaokudanganya. Ona "Baba, hariri."

MpembaMuscat
Asalaam aleikum. Nilikuwa nasoma tu. Hilo la nipe mji limenigusa pabaya.

Bibi yangu mzaa mama, Wete, alikuwa somo, yaani kungwi. Kawafunda wari wengi mno. Jioni akikaa na mashoga zake wakisema kinyume ili sisi watoto tusifahamu, ile ya kuchukua silabi ya mwisho ukaitia mbele, wanacheka mpaka wanajifuta macho na sisi tumewakodolea tu. Nilipokuwa na miaka 13 akanitegea: "Chakula, ukikipindua ndiyo hatima yake, na bi harusi hujipaka." Akapiga makofi mawili. Vipande viwili.

Miaka 22 nimekaa nacho. Nimepindua chapati. Nimepindua mkate wa mofa, nimepindua sufuria zima. Nikasema hina: si chakula. Nikasema wanja: si chakula. Kila Idi nikirudi, kabla hajanipa mkono naubusu, ananiuliza, "Umefika?" Nasema bado. "Basi nipe mji." Sitoi. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Alipozidiwa nilifika usiku, asubuhi nipo hospitali. Hawezi hata kugeuka. Nikamwambia bibi, leo nakupa mji, chukua Muscat yote, niambie. Akatikisa kichwa. Akasema polepole, "Mji wako kaa nao." Alasiri akafariki.

Mama analijua jibu. Mama wakubwa na wadogo wote wanalijua. Nimewakataza. Sijui hata kwa nini nimeandika hapa. Msiniambie.

KidagaaMwanza
Daah. Mungu amrehemu bibi.

Nesi_Leeds
Nimesimama kwenye korido nasoma hii. Bibi alikupenda sana.

FundiRedio
Mbona jepesi hilo, nimelipata hapa hapa. Ni [jibu limefutwa na msimamizi]

Mwanamvita
WEWE! Mtu kakwambia msiniambie, herufi zote zinasomeka!

MzeeWaMbuyuni
Astaghfirullah. Miaka 22 ya mwenzio kwa sekunde mbili zako.

FundiRedio
Jamani nilidhani namsaidia. Mtu anateseka miaka yote hiyo, ukijua utanyamaza?

SimbaWaYuda77
Hateseki. Kakaa na bibi yake. Umesoma au umeruka?

FundiRedio
Nimeruka. Nimerudi nimesoma yote. Naomba radhi, ndugu wa Muscat. Inatoka moyoni.

Mnyamwezi_T
Mimi niliwahi kuliona kabla halijafutwa na bado sikulielewa. Kwetu Tabora bi harusi hajipaki kitu hicho.

Mwanamvita
Na wewe nyamaza, umeshampunguzia nusu ya njia!

Mnyamwezi_T
Nimesema Tabora tu!

Mwanamvita
Umesema ni la pwani. Angekuja kulijua mwenyewe.

MpembaMuscat
Nimeingia sasa, nimekuta ugomvi na mahali palipofutwa. Nilifunga simu nikalala baada ya kuandika, sikuona. FundiRedio, usijali. Hilo la pwani nililijua, bibi hajapata kuvuka bahari.

KidagaaMwanza
Alhamdulillah. Ushauri wangu: lala nalo. Mimi majibu yangu huja alfajiri.

SimbaWaYuda77
Usilale nalo, litachakaa. Liache mwezi mzima, usiliguse, kisha lirudie kama mgeni.

Karani_Eldoret
Andika kila chakula unachokijua kwenye karatasi. Vyote. Hata viazi.

BiMkubwaTanga
Mwanangu wa Muscat, mimi nimefika na sisemi. Karatasi huhitaji. Bibi yako hakukutegea kufuli bila ufunguo, na wewe ufunguo umetuonyesha sisi sote bila kuutazama. Rudi uisome hadithi yako kama vile kaiandika mtu mwingine. Mstari kwa mstari. Kisha fahamu kwamba neno "kupindua" halina haja ya moto wala chombo.

Mwanamvita
Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo ndilo dokezo. Limegusa kila kitu na halijafungua kitu.

Nesi_Leeds
Nimefika na mimi, sasa hivi. Nimecheka kisha nimetokwa na machozi. Sisemi zaidi.

Mnyamwezi_T
Ngoja. NGOJA. Na mimi sasa nimeelewa kwa nini ndilo. Huyo bibi alikuwa hatari.

MpembaMuscat
Nimefika.

Nilikuwa kazini, mapumziko ya mchana. Niliisoma tena kama alivyosema Bi Mkubwa. Nikafika pale kwa mashoga wa bibi barazani, nikasimama. Sahani ilikuwa mbele yangu na kijiko mkononi, wakuu. Dada wa boti, nakuelewa vizuri sana. Nimeisikia harufu ile kwenye kanga zake utoto wangu wote.

Niliinuka nikaenda kunawa uso. Nikampigia mama. Sikumtajia jibu, nilimwambia tu, "Mama, nimefika." Akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Mji ulimpa?" Nikamwambia ninao.

MzeeWaMbuyuni
Allahu akbar.

FundiRedio
Nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipolipata mimi.

BintiKariakoo
Ijumaa imefika na karatasi mpya ninayo mkononi. Nawaletea moja tu la mwalimu, nimelitoa jasho asubuhi yote: "Yaliyomo kinywani yageuze, ndiyo namna ya kuyatoa. Herufi 4." Somo la jana litawafaa. Anayefika aandike saa aliyofika, asiandike kingine.

Mwanamvita
Saa tatu na dakika kumi. Ah, mwalimu huyu apewe nyumba.

Karani_Eldoret
Saa nne kasoro. Mke wangu saa tatu na nusu.

Mnyamwezi_T
Mimi nimeshindwa. Nakupa Tabora, chukua na Igunga juu yake.

BintiKariakoo
Sipokei! Hata chai hujanywa. Rudi ukae nalo.