Tupeane uzoefu: wazazi mko melini, vijana wako nyumbani, mnawapataje?

Mama Twaha, Langoni
Assalaam alaykum. Wifi yangu wa Uingereza ametulipia mimi na Baba Twaha safari ya meli ya kitalii mwezi wa nane. Inaondoka Barcelona, inapita Ufaransa na Italia, inakwenda Uturuki, inamalizia Ugiriki. Nyumbani nawaacha Twaha wa miaka 17 na dada yake wa 14, watakuwa wamefunga shule. Bibi yao yuko nyumba ya tatu, lakini bibi akishaswali isha simu anaizima, hataki kelele. Baba Twaha asema simu ni simu, itashika tu. Mimi roho haijatulia. Mliowahi kusafiri mkaacha vijana, mlifanyaje?

Baharia Mstaafu, Malindi
Mwambie Baba Twaha itashika kweli, na hapo ndipo penye balaa. Nimefanya kazi jikoni kwenye meli hizo, nimeona watu wazima wakilia mbele ya bili. Meli ikiwa bandarini unatumia mtandao wa nchi ile. Ikishatoka, simu yenyewe inajishika kwenye mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na bei ni ya setilaiti. Hakuna anayekuuliza. Wewe umelala, WhatsApp inapakua picha za harusi ya Siyu. Kwa hiyo mkipanda tu, wekeni simu hali ya ndegeni, kisha muwashe Wi-Fi peke yake. Ya meli huuzwa kwa kifurushi. Nunueni cha simu moja mpokezane. Siku hizi meli nyingi zimefunga Starlink, intaneti ya setilaiti yenye kasi, hata video inapita, si kama enzi zetu.
Bandarini ni rahisi zaidi: nunua laini palepale Barcelona. Laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya inatumika Ufaransa, Italia na Ugiriki bila nyongeza ya bei, ndiyo sheria yao tangu 2017. Uturuki haimo. Mtandao wa meli pia haumo, usije ukasema hukuambiwa.

Ummu Aisha
Hali ya ndegeni ndani ya meli. Haya 😂

Mzee wa Mkomani
Nyinyi taabu yenu ndogo. Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, akitoka na kusi hurudi na kaskazi. Miezi yote hiyo salamu huja na jahazi la mtu mwingine, imeshapita vinywa chungu nzima: "Babako hajambo, asema yule mbuzi asiuzwe." Mbuzi ashauzwa kitambo. Na tulikua.

Kijana wa Shela
Babu, na hamkuwa na TikTok.

Mzee wa Mkomani
Tulikuwa na baraza. Umbea ulifika kabla hujamaliza kutenda.

Mama wa Mlango
Mmenikumbusha Agosti 2023, na sijui kwa nini naandika saa hizi badala ya kulala. Sisi haikuwa meli, ilikuwa Umra, mimi na mzee. Tuliwaacha wawili hapa Amu, mjini Lamu, msichana wa 16 na kaka yake wa 15, wamefunga muhula wa pili. Saa za Makka na zetu ni sawasawa, mpango ukawa mwepesi: baada ya isha napiga, wananionyesha mlango umetiwa komeo, tunaagana.

Ijumaa ile, tarehe 25, tulichelewa kutoka Haram. Inakaribia saa nne usiku ndipo napiga. Binti anapokea: "Mama, stima zi..." Kimya. Napiga tena, hapatikani. Ya kaka yake, haipatikani. Ya jirani inaita mpaka inakatika, halafu nayo haipatikani.

Sasa sisi kule nani atuambie kuwa umeme umekatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi uko gizani? Hatukuwa na habari. Akili yangu ilikwenda kulekule inakokwenda akili ya mtu wa Lamu tangu watu wavamiwe na kuuawa Mpeketoni 2014. Sikulitamka. Mzee naye hakulitamka, lakini nilimwona ameshika tasbihi na kidole hakisogei.

Alfajiri ndipo nikampata binamu wa mzee, mwenye mashua kule Shela, ana sola na simu yake ilikuwa na chaji. Akaja kwa miguu kufuata ufuo, simu mkononi, mimi niko hewani naye. Mlango wetu ni ule wa babu, mbao nzito na nakshi, ukigonga kwa ngumi unaumia wewe. Hodi, hodi, kimya. Majirani wakatoka. Mmoja asema uvunjwe. Mwingine asema mlango huu una umri kushinda Kenya yenyewe, hauvunjwi, mtu apande kwa nyuma. Wa tatu auliza nani atalipa fundi. Mimi niko Makka nasikiliza mtaa wangu ukigombana juu ya mlango wangu, na hakuna hata mmoja anayetaja watoto.

Ndipo ikaja sauti kutoka juu: "Kwani kuna nini?"

Walikuwa juu ya paa, chini ya makuti, wamelala na watoto wa jirani kwa sababu feni hazizunguki na joto la ndani halivumiliki. Simu zao mbili zilikufa chaji kwenye mchezo wa mpira. Kile kisimu cha kabambe, cha vitufe, nilichowaachia makusudi kwa ajili ya dharura kilikuwa na chaji tele. Hakikuwa na salio. Na Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio, kijana alishauchukua, akanunulia bando.

Nuru ya Faza
Subhanallah. Nimesoma nimesimama.

Mpwa wa Fundi
Mlango ulivunjwa au haukuvunjwa?

Abu Ilyas
Stima kukatika si ajabu. Ajabu ni mtoto wa kike wa miaka 16 kuachwa nyumba tupu.

Nuru ya Faza
Tupu vipi? Hujasoma mtaa mzima ulikuwa mlangoni alfajiri? Na huyo kaka yake wa 15, yeye si mtoto?

Abu Ilyas
Wa kiume ni tofauti.

Mama wa Mlango
Ni tofauti kweli. Aliyemaliza salio ni yeye.

Mpwa wa Fundi
Jamani, mlango?

Ummu Aisha
Tofauti nyingine ni kwenye tokeni za stima. Mie nilikuwa Dubai, simu za WhatsApp kule hazitoki, ila ujumbe na sauti za kurekodi zinapita. Wananiambia giza, tokeni zimekwisha. Nikalipa, meseji ikaniingia mimi, tarakimu 20. Badala ya kuziandika nikazisoma kwa sauti, polepole, namba baada ya namba, nikamtumia kijana. Mita inakataa. Nikarudia. Inakataa. Kumbe anasikiliza kwa kasi maradufu. Binti akamnyang'anya simu, akaingiza mara moja, taa zikawaka. Mama Twaha, tokeni nunua kabla hujaondoka, uiingize mwenyewe kwenye mita.

Jirani wa Mkunguni
Usinunue nyingi, watawasha kila kitu mpaka mchana. Mpe bibi pesa, awe anawakatia kidogokidogo.

Kijana wa Shela
Niseme upande wetu, msinikasirikie. Mama alipokwenda India kwa matibabu ya babu, kila akipiga maswali ni yaleyale. Umekula? Umeswali? Umefunga mlango? Naam, naam, naam, simu imekwisha. Shangazi ndiye aliyekuwa na habari zetu zote, mpaka nani kagombana na nani, kwa sababu yeye alikuwa akitutumia vichekesho na sisi tunamjibu. Mtu hawezi kujibu "umekula?" kwa kichekesho.

Nuru ya Faza
Shangazi yako anapatikana kwa kuazima?

Jirani wa Mkunguni
Mimi vichekesho sijui. Mpelelezi wangu ni mama wa mahamri. Niliweka naye daftari, watoto wachukue chai ya asubuhi, mimi namtumia M-Pesa kila wiki. Wiki ya kwanza hesabu ya kawaida. Wiki ya pili imepanda karibu mara tatu. Sikumpigia kijana. Nilimpigia mama wa mahamri: "Wageni wangapi?" Akanitajia kwa majina na koo zao.

Abu Ilyas
Huo ndio ulinzi. Mimi nasema piga simu kila siku, tena saa wasiyoitarajia.

Baharia Mstaafu, Malindi
Akiwa katikati ya bahari apige saa asiyoitarajia kwa Wi-Fi ya nani? Panga saa moja, ijulikane. Na zingatieni, mkiwa Barcelona mpaka Italia mtakuwa nyuma ya Lamu kwa saa moja. Uturuki na Ugiriki kiangazi saa zao ni kama za nyumbani. Saa ya meli nayo hubadilishwa usiku mkiwa mmelala.
La pili, msitegemee programu moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizima pamoja na Facebook na Instagram, saa kama sita dunia nzima. Watu walidhani ni Wi-Fi zao. Kubalianeni kabisa kwamba WhatsApp ikifa ni SMS, na SMS ikishindikana mtoto aende kwa bibi akae hukohuko.
La tatu, andika kwa karatasi, ibandike kwenye friji: jina la meli, namba ya chumba chenu, ratiba ya bandari, na simu ya dharura ya kampuni ya meli. Likitokea jambo zito, wao ndio wanaoweza kugonga mlango wenu usiku.

Mama Twaha, Langoni
Allah akulipe baharia. Karatasi naandika leo. Kabambe naweka salio na namba ya PIN ya Okoa Jahazi nafuta akilini mwa Twaha.

Kijana wa Shela
Okoa Jahazi haina PIN, bi mkubwa.

Mama Twaha, Langoni
Basi kabambe nampa dada yake.

Mama wa Mlango
Mpwa wa Fundi, mlango uko mzima. Bawaba moja ilipinda kwa sababu kuna mtu alianza kusukuma kabla mjadala haujaisha. Mpaka leo kila mtu asema si yeye.

Mpwa wa Fundi
Nitumie picha ya bawaba faragha, mjomba anazo za shaba.

Nuru ya Faza
Biashara haikosi.

Baharia Mstaafu, Malindi
Mama Twaha, kabla ya yote hayo. Nimeirudia njia yenu. Italia iko Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Uturuki haiko, halafu mnarudi Ugiriki, nayo iko Schengen. Hiyo ni kuingia mara mbili. Fungua pasipoti utazame viza, mahali pa idadi ya kuingia pameandikwa nini?

Mama Twaha, Langoni
Ngoja niitoe kabatini.

Mama Twaha, Langoni
Yangu imeandikwa MULT. Ya Baba Twaha imeandikwa 01.

Baharia Mstaafu, Malindi
Muamshe.