Naomba ushauri: riwaya yangu ya kutisha haitishi

Hamjambo wapenzi wa fasihi. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Naandika riwaya ya mvuvi anayesikia nyavu zikimwita kwa jina usiku, na nimekwama ukurasa wa 60. Stephen King, yule Mmarekani wa riwaya za kutisha, naye alikuwa mwalimu; kurasa za mwanzo za riwaya yake Carrie alizitupa, mkewe Tabitha akaziokota pipani, kitabu kikatoka 1974. Wangu alizisoma zangu akacheka, tena pale maiti inapofumbua macho! Nimejaribu kuandika alfajiri, wapi. Mwenzangu kazini kasema "ni nzuri" tu, akarudi kwenye chai yake.

Je, nimalize kwanza au nirudie mwanzo? Na hofu mnaijengaje bila kuleta jini kila ukurasa?